Mkanda wa kuzuia damu ya mkono na mguu: vipimo, mshono na majaribio

Mkanda uliokazwa nusu ni hatari zaidi kuliko kutofunga kabisa. Vena, mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, nyingi ziko karibu na ngozi na kuta zake ni laini, kwa hiyo shinikizo dogo tu linaziziba. Ateri, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, imejificha ndani na damu yake inasukumwa na moyo. Ukikaza kidogo, damu inaendelea kuingia mguuni huku njia ya kurudi imefungwa, na jeraha linamwaga zaidi ya mwanzo. Ndiyo maana mkanda wa suruali uliovutwa kwa mkono mara nyingi haufai: unabana, lakini haufiki kwenye ateri. Kamba nyembamba nayo inadai shinikizo kubwa mno, na inaumiza neva zilizo chini yake.

Anza na hesabu, maana ndiyo inayoamua kila kipimo. Chukua paja lenye mzingo wa sentimita 60 na mkanda wenye upana wa milimita 38. Kufikisha shinikizo la milimita 300 za zebaki, mkanda unavutwa kwa nguvu ya kama kilo 15. Mkono wenye mzingo wa sentimita 30, kwa milimita 250, unataka kilo 6 hivi. Paja nene linazidi hapo. Kwa hiyo tengeneza kila kiungo cha mkanda kihimili kilo 60, yaani mara nne ya mzigo huo. Upana usishuke chini ya milimita 38.

Vipande vinavyohitajika

- Mkanda wa nailoni wa mabegi wa milimita 38, vipande viwili vya sentimita 95, kwa ajili ya ala ya nje, yaani mfuko mrefu unaoufunika utepe.
- Utepe wa nailoni wa milimita 25, usiovutika hata kidogo. Huu ndio unaokaza.
- Velkro: upande laini sentimita 60, upande wenye kucha sentimita 15.
- Bizimu ya chuma au plastiki ngumu, yenye meno kwenye upau wake.
- Kijiti cha aluminiamu, kipenyo milimita 12, urefu sentimita 12. Hiki ndicho kinachozungushwa ili kuvuta utepe.
- Bamba lililopinda la kukaa upande wa ngozi, sentimita 9 kwa 4. Bomba la PVC la inchi 4 lina mpindo unaofaa. Likate kwa msumeno, kisha piga msasa pembe zote mpaka zisikwaruze ngozi.
- Kishikizo cha kuchomekea kijiti kisirudi nyuma: bapa la aluminiamu la milimita 2, lililokunjwa kama herufi C.

Kushona

Hapa ndipo mafundi wengi wanaharibu. Utepe wa ndani lazima uteleze ndani ya ala bila kizuizi. Shona velkro kwenye kipande cha juu cha ala kwanza, kikiwa peke yake. Ukisubiri mpaka ala ifungwe, sindano inapita mpaka kwenye utepe na kuugandisha. Mkanda utaonekana mzima, ila kijiti kikizungushwa hakitavuta kitu. Velkro zote mbili zinakaa upande uleule wa nje: kucha kwenye sentimita 15 za mwisho, na laini kwenye sehemu inayobaki, kwa sababu ncha ikipita kwenye bizimu inakunjwa na kujilalia yenyewe.

Baada ya velkro, acha uwazi wa sentimita 4 kwenye kipande cha juu, sentimita 8 kutoka kwenye bizimu. Choma kingo zake kidogo kwa moto wa kiberiti ili nyuzi zisifumuke. Weka utepe katikati ya vipande viwili na utoe kitanzi chake kwenye uwazi huo. Ncha moja ya utepe ishonwe pamoja na bizimu, nyingine mwisho kabisa wa ala. Funga ala kwa mshono mmoja kila ukingo, milimita 3 kutoka pembeni, ili utepe wa milimita 25 ubaki na nafasi.

Ncha za utepe zishonwe mraba wenye msalaba ndani, uzi wa nailoni mnene, sindano namba 18. Uzi wa pamba unaoza kwa jasho na unyevu, usiutumie hata kama ndio uliopo.

Kijiti na kishikizo

Toboa katikati ya kijiti tundu refu la milimita 26 kwa 3, upitishie kitanzi cha utepe. Kingo za tundu zipigwe tupa ya mviringo, kisha msasa laini. Pitisha kipande cha soksi ya nailoni: kikinasa, bado. Tundu lenye makali hukata utepe mzigo unapokuwa mkubwa, yaani pale pale unapouhitaji.

Wanaochapa kijiti kwa printa ya 3D wakilaze wakati wa kuchapa. Kikichapwa kimesimama, tabaka zinakaa kukingama na mzigo na kitakatika kama muwa. Gaza mwaka 2018 mradi wa Glia, unaobuni vifaa tiba vya bei nafuu, ulitumia mikanda ya aina hii iliyochapwa, kwa hiyo njia ipo, ila plastiki inachoka kwa jua. Mkanda uliokaa miezi juu ya dashibodi ya gari usiuamini.

Kishikizo kifungwe kwenye bamba kwa ribiti mbili, vichwa vyake vizame chini ya uso unaogusa ngozi. Ongeza kipande kidogo cha velkro nyeupe cha kukifunika kijiti, na hapo hapo ndipo pa kuandika saa.

Majaribio

Ning'iniza madumu matatu ya lita 20 yaliyojaa maji kwenye utepe, kilo 60 kwa jumla, dakika 10. Mshono ukifunguka hata uzi mmoja, shona upya. Kisha funga mkanda kwenye bomba lililozungushiwa godoro, kaza na kulegeza mara 50, ukitazama tundu la kijiti.

Rudia ukiwa umeupaka mafuta ya kula, halafu tope. Velkro yenye mchanga haishiki, na hapo bizimu inabaki peke yake. Ikiteleza, meno ni mafupi.

Jaribio la mwisho ni kwa mtu mzima mwenye afya aliyekubali, akiwa na mhudumu wa afya, kwa chini ya dakika moja. Kipima oksijeni cha kidole kikionyesha wimbi limelala, ateri imefungwa. Kwa paja, mhudumu asikilize mguuni kwa Doppler, kifaa kinachotoa sauti ya damu inayopita. Inauma sana, mwambie mapema. Mkanda uliotumika kwa mazoezi uwe wa rangi tofauti na usirudi kwenye kisanduku cha dharura.

Kabla ya kuugawa au kuuza, Tanzania kifaa tiba kinapitia TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu.

Karatasi ya maelekezo

Iwe fupi, maana atakayeisoma ana mikono yenye damu. Funga sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha, upande wa kiwiliwili, kamwe si kwenye goti au kiwiko chenyewe. Toa simu na funguo mfukoni. Vuta ncha mpaka vidole vitatu visipenye chini ya mkanda, ndipo uzungushe kijiti. Nusu mzunguko mara tatu kwa kawaida inatosha. Ikizidi hapo, ulegevu haukutolewa, na kijiti kinakula utepe bila kubana. Zungusha mpaka damu ikome, chomeka kijiti, andika saa. Ikiendelea kutoka, weka mkanda wa pili kando ya wa kwanza, upande wa kiwiliwili. Usiulegeze "kupumzisha mguu"; hilo aachiwe daktari, na mgonjwa afike hospitali ndani ya saa 2. Kinena, kwapa na shingo havifungwi: jaza kitambaa ndani ya jeraha na ukandamize kwa mikono miwili.

Ukunje mkanda ncha ikiwa tayari imepitishwa kwenye bizimu, kitanzi kikitosha kuvaliwa mguuni, na utoe mfuko wowote wa plastiki unaoufunika kabla haujaingia kwenye kisanduku.