Likizo Ikiisha na Mtoto Bado Ananyonya: Namna ya Kupanga Zamu na Wenzako wa Uani

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa Tanzania siku 84 za likizo ya uzazi, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kliniki nayo inamwambia amnyonyeshe mtoto maziwa yake tu, bila hata maji, miezi sita mizima. Hesabu hizi mbili hazikutani. Aliyeanza likizo wiki nne kabla ya kujifungua anarudi kazini mtoto ana wiki nane. Mama lishe, mwenye genge na mchoma vitumbua hawana hata hizo 84. Arobaini ikitoka, wengi wanarudi kwenye biashara.

Kwenye nyumba za kupanga za Temeke, Mbagala au Manzese, pengo hilo huzibwa na wenzako wa uani. "Shoga, niangalizie mtoto kidogo" huanza vizuri, ila wiki ya pili watu wameshaanza kununiana. Mara nyingi roho mbaya haimo. Hakuna aliyesema mtoto anywe kiasi gani, kwa kikombe kipi, na mwenye zamu aachiwe saa ngapi. Kaeni mpange mambo hayo wiki mbili kabla wa kwanza wenu hajarudi kazini.

Watu na siku

Mama watatu au wanne wanatosha. Wakizidi, kila siku kuna mmoja mwenye dharura na zamu zinavurugika. Mwenye zamu asibaki na watoto zaidi ya watatu akihesabu na wake, na kama wote hawajatimiza miezi minne, wawili wanatosha. Mtu ana mikono miwili.

Andikeni zamu kwa siku za wiki. Mpango wa "atakayekuwepo" una kasoro moja kubwa: yule asiyetoka kazini ndiye atakuwepo kila siku, na mwisho wake mtamfanya dada wa kazi asiye na mshahara. Mwenye shughuli ya nyumbani, labda anashona au anauza barafu, aseme wazi ni siku ngapi anaweza. Kama anabeba siku nyingi kuliko wenzake, alipwe.

Aliye ndani ya arobaini hapewi zamu hata kama anajisikia ana nguvu. Yeye ni wa kufuliwa nepi, kutekewa maji na kupelekewa uji. Anayempelekea uji amwangalie na yeye mwenyewe, asiishie kumtazama mtoto. Kulia bila sababu siku za mwanzo ni jambo la kawaida. Huzuni ikipita wiki mbili, au akisema hamtaki mtoto au anafikiria kujidhuru, asiachwe peke yake. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kukamua kwa mkono

Pampu si lazima. Mkono ukishazoea unatosha, na kuusafisha ni rahisi. Anza mazoezi wiki mbili kabla ya kurudi kazini, asubuhi baada ya mtoto kunyonya, wakati matiti bado yana maziwa mengi.

Nawa mikono kwa sabuni. Andaa chombo chenye mdomo mpana kilichochemshwa ndani ya maji dakika 10. Kanda titi taratibu kwa kitambaa cha uvuguvugu, kutoka nje kuelekea kwenye chuchu. Kisha weka kidole gumba juu na cha shahada chini, kwenye ukingo wa sehemu nyeusi, kama sentimita 2 au 3 nyuma ya chuchu. Sukuma vidole kwanza ndani kuelekea kifuani, halafu bana, halafu achia. Sukuma, bana, achia. Maziwa hayatoki papo hapo. Mpe mwili dakika moja au mbili. Yakipungua kasi baada ya dakika 3 hadi 5, hamia titi la pili, kisha rudi la kwanza, ukihamisha na vidole kuzunguka ili pande zote zikamuliwe. Kazi yote inachukua dakika 20 hadi 30.

Wengi hukosea kwa kubana chuchu yenyewe. Maziwa hayatoki hapo, yanatoka nyuma yake. Ukiibana chuchu utapata maumivu na michubuko tu. Kosa lingine ni kuvuta vidole vikiteleza juu ya ngozi kama mtu anayekamua ng'ombe. Vidole vibaki palepale, kinachosogea ni titi la ndani. Kama kukamua kunauma, mbinu ina kasoro.

Mara za mwanzo unaweza kupata vijiko viwili tu. Hicho si kipimo cha maziwa uliyonayo, kwa sababu mtoto anajua kuyatoa kuliko mkono wako. Endelea kila siku na kiasi kitaongezeka.

Ukiwa kazini kamua kila baada ya saa 3 hivi. Usipokamua, titi linajaa, linauma, na mwili unapata taarifa kwamba maziwa hayahitajiki, hivyo yanapungua. Titi likiwa jekundu, la moto, nawe una homa, nenda kituo cha afya, na usiache kunyonyesha upande huo. Sheria ileile ya 2004 inamruhusu mwajiriwa anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Zungumza na mwajiri mapema ujue utazitumia vipi. Na usikubali kuelekezwa chooni ukakamulie huko. Omba stoo yenye mlango unaofungwa, kiti na ndoo ya maji.

Kuhifadhi kwenye joto la Dar

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa sasa hivi yakae nje kwa muda usiozidi saa 4, na hapo ni kivulini, chombo kimefunikwa. Uliyokamua saa 11 alfajiri mwisho wake ni saa 3 asubuhi. Januari na Februari, mchana unapopita nyuzi 30, usiyahesabie hata muda huo.

Kwa hiyo zamu ya siku nzima inahitaji friji au deli. Kwenye friji, nyuma kabisa mbali na mlango, maziwa yanakaa hadi siku 4. Kwenye deli lenye chupa za maji zilizogandishwa vizuri yanakaa saa 24, mradi vyombo vya maziwa vigusane na barafu na deli lisifunguliwefunguliwe. Soda za watoto wakubwa zisiwekwe humo, maana kila anayechukua soda anaingiza joto. Umeme ukikatika, friji ibaki imefungwa; ukichelewa kurudi, chupa zilizoganda zihamishiwe kwenye deli pamoja na maziwa.

Gawa maziwa kwenye vyombo vidogo, kila kimoja mililita 60. Mtoto akiacha yaliyobaki kikombeni, yanatakiwa kunywewa ndani ya saa 2 au kumwagwa. Ukiwa umejaza chombo cha mililita 200, utamwaga mengi. Kila chombo kiandikwe jina la mtoto, tarehe na saa. Maziwa ya moto uliyokamua sasa usiyamimine juu ya yaliyopoa; yapoze kwanza pembeni.

Mwenye zamu aelezwe mapema kwamba maziwa ya mama yakitulia hujitenga, mafuta juu na maji chini, na rangi yake inaweza kuelekea ubuluu. Hayajaharibika. Azungushe chombo taratibu mpaka yachanganyike. Yameshamwagwa maziwa mengi mazuri kwa kutolijua hili.

Kiasi gani cha kuacha

Kwa mtoto wa mwezi mmoja hadi sita, kadiria mililita 30 kwa kila saa utakayokuwa mbali. Ukitoka saa 1 asubuhi na kurudi saa 10 jioni ni saa 9, yaani mililita 270. Acha vyombo vitano vya mililita 60: vinne na nusu vya kunywa, na salio la foleni ya daladala. Huna kipimo? Bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, bila sindano yake, linapima vizuri. Vijiko vya nyumbani havilingani, msivitumie.

Mnyonyeshe kabla ya kutoka mlangoni na mara unaporudi. Mwenye zamu asimpe kikombe kikubwa nusu saa kabla hujafika, la sivyo utamkuta ameshiba na wewe matiti yamejaa.

Kunywesha kwa kikombe

Chupa yenye chuchu ina kona nyingi za kuficha uchafu, na baadhi ya watoto wakiizoea wanakataa titi. Kikombe kidogo chenye ukingo laini, kama kile cha kahawa ya kijiweni, ni salama zaidi.

Yapashe maziwa kwa kukiweka chombo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, yasipande jikoni. Mtoto awe macho, akae karibu wima mapajani, mikono yake imefungwa kwenye kanga asipige kikombe. Gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, inamisha kidogo mpaka maziwa yafike midomoni, kisha subiri. Mtoto mdogo atayaramba, mkubwa atayafyonza. Usimimine. Anayemiminiwa anapaliwa, na maziwa yanaweza kuingia kwenye mapafu. Akifunga mdomo na kugeuza kichwa, ameshiba.

Hata jua likiwaka vipi, mtoto wa chini ya miezi sita hapewi maji, wala maji ya sukari, wala dawa ya tumbo ya dukani. Maziwa ya mama sehemu yake kubwa ni maji. Bibi akiwa nyumbani atasema ninyi mlikunywa na mkakua. Mjibuni kwa adabu, "Sawa bibi, kliniki wamesema tusubiri," na kikombe cha maji kisogezwe.

Maziwa ya kila mtoto ni yake

Mtoto wa mwenzako akilia na maziwa yake yameisha, usimpe titi lako, na usichukue chombo cha mwingine. Sababu ya kwanza ni afya: VVU na maambukizi mengine hupita kwenye maziwa. Mama anayeishi na VVU ananyonyesha kwa maelekezo ya kliniki yake, na maziwa hayo ni ya mwanawe tu. Kama mtoto ana dawa ya kila siku, mama ampe mwenyewe kabla ya kutoka, na hakuna anayepaswa kuuliza ni ya nini.

Ya pili inawahusu Waislamu, ambao pwani ni wengi. Watoto walionyonya kwa mama mmoja huwa ndugu wa kunyonya, na hawaoani. Katika madhehebu ya Shafii ni kunyonya mara tano ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na kunywesha kwa kikombe kunahesabika. Chombo kisicho na jina kinaweza kuwafungulia watoto kesi miaka ishirini baadaye.

Mwenye zamu akiwa peke yake

Mtoto alazwe chali, juu ya godoro gumu, bila mto wala blanketi zito, ndani ya chandarua chenye dawa. Mwenye zamu asisinzie naye kwenye kochi. Jiko la mkaa liwe nje hata mvua ikinyesha. Moshi wake usioonekana unaua ndani ya chumba kilichofungwa. Ndoo na madishi ya maji yafunikwe au yamwagwe pindi mtoto mmoja anapoanza kutambaa, kwa sababu maji kidogo tu chini ya ndoo yanatosha kumzamisha. Akimbeba kwa mbeleko, uso wa mtoto uonekane na kidevu kisikandamizwe kifuani.

Nunueni daftari moja. Kila kikombe kiandikwe saa na kiasi, na kila nepi iliyolowa iwekewe alama. Mtoto anayepata maziwa ya kutosha analowesha nepi sita au zaidi kwa siku nzima, mchana na usiku. Alama zikiwa mbili tu tangu asubuhi hadi jioni, mama aambiwe akirudi, na usiku huo anyonyeshwe mara nyingi.

Mwenye homa au anayeharisha haji kwenye zamu. Siku za chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 mama ajipangie kuwa na mwanawe, maana sindano mara nyingi huleta homa usiku na mtoto anataka titi. Mwenye zamu hatoi dawa yoyote asiyoachiwa kwa maelekezo. Mtoto akigoma kunyonya, akipata degedege, akihema haraka, mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, au mwili ukiwa wa moto sana au wa baridi, mwenye zamu asisubiri mama arudi. Anachukua kadi ya kliniki na kwenda, akipiga simu njiani. Kwa hiyo kadi ibaki alipo mtoto, pamoja na nauli ya bodaboda au bajaji iliyotengwa.

Fedha

Barafu, mkaa wa kuchemshia vyombo, sabuni na nauli ya dharura vichangiwe sawa, kila wiki, na vitunzwe na mtu mmoja. Msichanganye mfuko huu na mchezo au kikoba chenu. Siku mtu akikosa hela ya mchezo, mtoto wake asikose pa kukaa.

Mtoto akitimiza miezi sita mpango unabadilika. Kila mama alete bakuli la mwanawe lenye uji mzito au chakula kilichopondwa: mwanzoni vijiko viwili au vitatu, mara mbili kwa siku, akiendelea kunyonya. Vyombo vya maziwa kwenye deli vitapungua, ila msiviondoe.