Somo: Mfuko wa Krismasi kwa watoto na vijana, wenye vitu vitakavyofika Januari

Desemba humkamua mzazi. Kuna sikukuu yenyewe, kuna nauli za kwenda nyumbani, na kabla hujapumua Januari imebisha hodi na orodha ya mahitaji ya shule. Katikati ya purukushani hiyo ndipo tunanunua vidude vya plastiki vya bei chee: gari la betri, miwani ya rangi, saa isiyotembea. Mwaka mpya unafika vimeshavunjika, na hakuna wa kuvitengeneza.

Somo hili linahusu kumfungia kila mtoto mfuko mdogo wa zawadi ambamo kila kitu ama kitaliwa, ama shule zikifunguliwa kitakuwa bado kinatumika. Ukiwa dukani kishike kitu mkononi ujiulize: Januari hiki kitakuwa wapi? Usipokuwa na jibu, kirudishe.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani hutundika soksi. Desturi hiyo inahusishwa na Mtakatifu Nikolao, askofu wa Mira (mji uliokuwa katika Uturuki ya leo) katika karne ya 4. Hadithi inasema aliwatupia dhahabu kwa siri mabinti watatu wa baba maskini, ikaangukia kwenye soksi zilizoanikwa. Ndiyo sababu baadhi yao mpaka leo huweka chungwa kwenye ncha ya soksi, kukumbuka ile dhahabu. Sisi Desemba ni msimu wa embe, kwa hiyo kwenye mfuko wetu litakaa dodo moja lililoiva vizuri. Na tutashona mfuko badala ya soksi, kwa sababu mfuko una kazi mwaka mzima.

Hatua ya 1: Kagua nyumbani kwanza

Kabla ya kutoa hata shilingi, pita chumbani kwa watoto. Angalia kilichochakaa, kilichopotea na wanachoazimana kila siku. Utagundua wawili wanagombea kichongeo kimoja, au binti anafungia nywele uzi. Andika. Kisha panga kiasi cha fedha kwa kila mtoto, na kiwe kile kile kwa wote, kwa sababu watoto hulinganisha.

Hapa naomba nisisitize jambo moja. Usigeuze mfuko kuwa begi la shule. Mtoto akifungua akakuta daftari, rula, soksi nyeupe na kiwi ya viatu tu, hajapewa zawadi; amepewa vitu ambavyo ungemnunulia hata hivyo. Angalau nusu ya mfuko iwe ya kuchezea, ya kula au ya kumfurahisha. Zawadi yenye manufaa bado inapaswa kuwa zawadi.

Hatua ya 2: Shona mfuko

Nenda kwa fundi cherehani wa mtaani umwombe au ununue mabaki ya kitenge. Mwezi wa Desemba meza zao zimejaa vipande, maana kila mtu anashonesha nguo ya sikukuu. Fua vipande kwanza, kwa kuwa pamba husinyaa na rangi nyingine huchuja.

Kata vipande viwili vya upana wa sentimita 32 na urefu wa sentimita 45. Vilaze pande nzuri zikitazamana. Anza kushona kutoka upande mmoja, shuka, pita chini, panda upande wa pili, ukiacha sentimita moja ukingoni. Upande huo wa pili ukibakiza sentimita 7 kufika juu, simama na ufunge uzi. Sehemu hiyo isiyoshonwa ndiyo mlango wa kamba. Kunja kingo zake mbili kwa ndani, uzipitishie mshono mwembamba ili zisifumuke.

Sasa kunja mdomo wa mfuko kwa ndani: kwanza sentimita moja, kisha tatu, ushone kuuzunguka karibu na ukingo wa chini wa upindo. Umepata njia ya kupitisha kamba. Kamba yenyewe ikate kwenye kitenge hicho hicho: utepe wa sentimita 4 kwa 80, ukunjwe mara mbili na kushonwa. Ifunge kwenye pini, isukume ndani ya upindo mpaka itokee upande wa pili, kisha upige fundo ncha zote mbili. Geuza mfuko.

Kwa kipimo hiki kaunta buku inaingia bila kukunjwa. Sikukuu ikipita, mfuko utabeba ndala, nguo za michezo au chakula cha safari. Ukipenda, tarizi herufi ya kwanza ya jina la mtoto. Herufi huzuia ugomvi mwingi.

Hatua ya 3: Jaza kwa kufuata umri

*Miaka 5 na chini yake.* Wawekee vichache. Mpira wa soksi unatosha kuwa zawadi kuu: chukua soksi kuukuu isiyo na mwenzake, ijaze vitambaa mpaka iwe ngumu, sokota shingo, igeuze ijifunike tena, kisha shona mdomo. Ongeza kikombe cha bati, kitambaa laini cha kuogea, na ndizi au embe. Gololi, vizibo na karanga nzima usiwape wadogo hawa, kwani hukwama kooni.

*Miaka 6 hadi 9.* Huu ndio umri wa raha kwa mfungaji. Kamba ya kuruka ya katani, gololi za kioo ambazo hudumu miaka, penseli za rangi za mbao, kichongeo cha chuma. Mpira ule ule wa soksi hapa unakuwa mpira wa rede au wa chandimu. Weka pia mbegu za mchicha ndani ya karatasi ya gazeti iliyokunjwa bahasha, uandike tarehe ya kupanda. Akipanda siku ya Krismasi kwenye ndoo iliyopasuka, ndani ya wiki moja ataona umeota, na baada ya wiki tatu au nne atachuma mboga yake mwenyewe. Ni vitu vichache sana vya dukani vinavyompa mtoto fahari ya namna hiyo.

*Miaka 10 hadi 12.* Drafti la kitambaa. Chora kwenye kipande cha amerikani miraba 64, minane kwa minane, kila mmoja sentimita 4, upake rangi mmoja na kuruka mmoja kwa kalamu ya wino usiofutika. Kete ni vizibo 24 vya soda vilivyooshwa: mchezaji mmoja anachezea 12 vilivyolala kifudifudi, mwenzake 12 vilivyolala chali. Ukimaliza kucheza unakunja na kuweka mfukoni. Ongeza mkebe wa hesabu na kitabu kimoja cha hadithi, hata cha mitumba, mradi kurasa zimetimia. Mahali penye maktaba ya mkoa, au Maktaba Kuu ya Taifa kwa walio Dar es Salaam, uliza utaratibu wa kumwandikisha mtoto uanachama. Ni zawadi isiyo na takataka hata chembe.

*Vijana, 13 hadi 17.* Kwao punguza idadi, ongeza ubora. Kikata kucha cha chuma kizuri. Chupa ya maji ya chuma. Mafuta ya nazi kwenye kichupa cha jemu. Na kifurushi cha kushonea, kwa wavulana na wasichana sawasawa: sindano mbili, uzi mweusi, mweupe na wa rangi ya sare, vifungo vya shati la shule, na mkasi mdogo. Kijana anayejua kurudisha kifungo chake hatakaa wiki nzima akishikilia shati kwa pini. Kwa wenye nywele ndefu shona bendi ya kitenge: utepe wa sentimita 10 kwa 50, ndani yake lastiki ya sentimita 20. Vipande ulivyobakiza kwenye mfuko vinatosha.

Kwa wasichana waliovunja ungo, taulo za kike za kufua ni zawadi yenye uzito wa kweli, maana pedi za dukani hununuliwa kila mwezi na huishia shimoni. Hakikisha kitambaa kinachogusa mwili ni pamba. Mfundishe kuzitunza: loweka kwenye maji baridi, fua kwa sabuni, suuza vizuri, anika juani mpaka zikauke kabisa. Kuzianika uvunguni kwa aibu ndiko kunakoleta harufu na magonjwa.

*Vya kula, kwa wote.* Kashata, visheti, na kwa wakubwa ubuyu na karanga. Nunua kwa kipimo, uende na kopo lako mwenyewe. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, na Kenya walitutangulia 28 Agosti 2017, lakini vile vipakiti vidogo vya pipi bado vinajaza mitaro yetu.

Hatua ya 4: Funga na ukabidhi

Karatasi ya zawadi haihitajiki. Mfuko ndio karatasi. Kitu unachotaka kukificha kifunge kwa gazeti au kanga. Vizito vitangulie chini, isipokuwa embe: lisubiri asubuhi yenyewe, ukilitia usiku chini ya mkebe litapondeka. Kabidhi baada ya ibada au baada ya chai, watoto wakiwa wametulia.

Maswali ya wanachama

Mama wa watoto wawili, Mbeya: Asante kwa somo, dada. Mimi sina cherehani na fundi wangu ana foleni mpaka mwaka mpya. Nifanyeje?

Shona kwa mkono, mama. Tumia uzi mara mbili na mshono wa kurudi nyuma: sindano inatoka mbele, inarudi nusu hatua, inatoka tena mbele. Mshono huo haufumuki kirahisi. Ukiwa na mikono ya kusaidia, mtoto wa miaka 10 anaweza kushona upande mmoja.

Shangazi, Rombo: Krismasi kwangu wanakuja wajukuu na watoto wa ndugu, si chini ya kumi na wanne. Mifuko yote hiyo itanifilisi.

Shikamoo shangazi. Usifunge mifuko kumi na minne iliyojaa. Kila mtoto apate bahasha ya gazeti yenye kashata na mbegu, na kitu kimoja cha kwake kulingana na umri. Kisha tengeneza zawadi za nyumba nzima: drafti mbili, kamba ndefu ya kuruka, mpira wa soksi au miwili. Wote watakuwa uani pamoja, na wakiondoka michezo inabaki kwako mpaka Desemba nyingine.

Baba, Kigamboni: Kijana wangu wa miaka 15 ameniambia mfuko ni wa watoto, yeye anataka bando tu.

Mpe bando, kaka, mradi limo ndani ya bajeti ile ile ya wenzake. Ila usimpe hilo peke yake, kwani litaisha kabla ya wiki. Weka chupa ya maji au kikata kucha ndani ya begi lake bila sherehe yoyote. Umri huo wanapenda kupewa, hawapendi kutazamwa wakipewa.

Mama wa binti mmoja, Dodoma: Taulo za kufua nimezipenda, lakini binti yangu atafungua mfuko mbele ya kaka zake na binamu.

Usiziweke kwenye mfuko wa sikukuu. Zitie kwenye kipochi chake cha kitambaa, umkabidhi faraghani siku kabla, umwelekeze kuzitunza mkiwa wawili. Siku ya Krismasi afungue bendi ya nywele na kashata kama wengine. Kipochi hicho hicho kitambebea taulo shuleni.

Bibi, Tanga: Sisi ni Waislamu. Je, nikiwashonea wajukuu mfuko huu kwa Idi kuna ubaya?

Hakuna hata kidogo, bibi. Vipimo ni vile vile, na kwenu Tanga visheti vitakuwa vizuri kuliko vyangu. Idi huhama misimu, basi kama mwaka huo haina embe, weka tende.

Mama mdogo, yupo Uingereza: Nataka kuwafungia watoto wangu huku soksi ya mtindo wetu. Dada yangu atume nini kutoka nyumbani? Na mbegu za mchicha je?

Mbegu asitume. Mbegu za kupanda zinazoingia Uingereza kutoka nje kwa kawaida hudaiwa cheti cha afya ya mimea, na kifurushi kinaweza kuzuiwa. Atume vyepesi: vipande vya kitenge, bendi za nywele, drafti la kitambaa bila vizibo, maana vizibo hata huko vipo. Kuhusu karatasi za zawadi za huko, ifinyange mkononi. Ikibaki imefinyangika, kwa kawaida hupokelewa kwenye karatasi za kurejelezwa. Ikijikunjua, au ikiwa na vumbi linalong'aa, ni takataka. Kanga inakuokoa na hesabu hiyo yote.

Mama wa watoto watatu, Mwanza: Mwanangu wa miaka 4 analilia toy ya kuimba yenye taa. Nimnyime kabisa?

Angalia betri kwanza. Nyingi za aina hiyo hutumia betri ndogo za duara, zile za saa. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili, hata kama imeisha nguvu. Kama kifuniko cha betri hakifungwi kwa skrubu, usinunue, alie tu. Kikiwa na skrubu na wewe umeridhika nacho, mnunulie hicho kimoja, na mfuko wake upunguzie vingine. Hata hivyo mjaribishie kwanza kayamba: vikopo viwili vya bati, punje chache za mahindi ndani ya kila kimoja, vifuniko vimegongewa visifunguke.