GPU hailali au haiamki? Anza na kaunta
Kama uko Linux na kadi ya grafiki inaganda ukiiacha kidogo bila kazi, au hailali kabisa betri inaisha tu, usikimbilie kuandika upya kodi (code) ya kuilaza. Ingia /sys/bus/pci/devices/, fungua folda ya kadi yako, kwenye power/control andika on badala ya auto, hapo haitalala yenyewe, kuganda kukiisha basi mchawi karibu hakika ni runtime PM, yaani mfumo wa kerneli wa kulaza kifaa kisipotumika.

Ila kama shida ni kutolala, pitia draiva (programu inayoendesha kadi) kila palipo na pm_runtime_get_sync, funksheni ya kuiamsha kadi, maana huyu jamaa anapandisha kaunta (hesabu ya wanaoitumia kadi, ikiwa juu ya sifuri kadi hailali) hata akifeli, sasa ukirudisha erro bila kuita pm_runtime_put_noidle ya kuishusha, kaunta inabaki juu na kadi hailali tena (mimi ilinila siku mbili hii, na kosa lilikuwa mstari mmoja). Tumia pm_runtime_resume_and_get, ipo tangu kerneli 5.10, ikifeli inashusha kaunta yenyewe.

Na ukiona rejista (vihifadhi vidogo ndani ya kadi ambavyo draiva husoma) zote zinasoma 0xffffffff, mara nyingi unaigusa kadi ikiwa imelala, anza kukagua handla ya interapti (kodi inayojibu kadi ikipiga kengele) na mafaili ya debugfs (ya kuchungulia draiva), ndo husahaulika.