Somo: Nyumba ya kutisha kwenye hadithi, tukianza na tembe

Wengi hukimbilia jumba la ghorofa lenye ngazi zinazolia. Dodoma kuna tembe: paa bapa la udongo, mlango wa kuinama, vyumba vyenye giza hata saa sita mchana, ua wa ng'ombe katikati. Inatosha.

Hatua ya 1. Chora ramani. Kutoka mlangoni hadi chumba cha ndani ziwe hatua kumi, na uzitaje mapema mara mbili. Usiku zikifika kumi na mbili, huna haja ya kumleta jini.

Hatua ya 2. Nyumba iwe na sababu ya kuwa tupu. Operesheni Dodoma ya 1971 ilihamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, nyuma yakabaki mahame. Sababu hiyo haidai mauaji (yamechosha!). Jiulize tu nani hakuhama.

Hatua ya 3. Sauti. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: kila kitu kinalia, msomaji anazoea. Toa kwanza sauti zenye maelezo, kama panya kwenye fito na mchwa ndani ya nguzo. Kisha udongo uchuruzike kutoka darini, umwangukie mhusika aliyelala, miguuni. Kimya. Uanguke tena, tumboni. Halafu usoni. Paa la tembe hukanyagika, watu huanika nafaka juu yake. Msomaji atajua mwenyewe kuna nini.

Hatua ya 4. Kwa nini mhusika haondoki? Iweke Januari. Korongo lililokuwa mchanga mtupu tangu Mei limefurika, havuki mtu mpaka maji yapungue.

MASWALI

Mwalimu, niweke jini au mzimu?
Kwenye tembe, mzimu. Jini anaweza kumkumba yeyote, mzimu ni wa ukoo: mzimu humjua mhusika kwa jina la babu yake.

Mvua si itabomoa paa?
Paa lisilokandikwa upya huvuja. Tumia hilo: kila usiku sehemu kavu ya kulala inapungua, hadi abaki na kile chumba cha ndani.

Yangu ni nyumba mpya ya tofali, mjini, ina Luku (mita ya umeme wa kulipia kabla). Nifanyeje?
Zima taa wakati yuniti bado zipo. Ila taa ya jirani ibaki inawaka, kaka, la sivyo msomaji atasema umeme umekatika tu.