Likizo ya Juni Kigoma na watoto: jinsi ya kupanga siku kwa saa za ziwa

Familia nyingi zinazokuja Kigoma shule zikifungwa hupanga safari kwa orodha ya mahali: leo Gombe, kesho Ujiji, keshokutwa ufukweni. Halafu zinateremka Kibirizi saa nane mchana kutafuta boti wakati upepo wa kusi umeshaamka na mawimbi yanavunjika meupe hadi mbali. Kuanzia Mei hadi Septemba, Ziwa Tanganyika lina ratiba yake: asubuhi huwa limetulia, mchana linachafuka. Ukiwa na watoto, shughuli zote za majini ziishe kabla ya saa tano. Baada ya hapo ni zamu ya nchi kavu.

Hatua ya 1: Angalia mwezi kabla ya kukata tiketi

Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza. Wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, kisha wavu unainuliwa kutoka chini yao. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauna nguvu tena, na vyombo vingi vinapumzika ufukweni kwa karibu wiki nzima. Ukija siku hizo utakosa mambo mawili makubwa: taa za wavuvi zilizotapakaa ziwani usiku kama mji mwingine, na dagaa wabichi wa alfajiri.

Hesabu ni rahisi kwa anayefuata mwezi mwandamo. Tarehe 14 na 15 ndiyo mbalamwezi kamili. Epuka kuanzia tarehe 11 hadi 19, na ukiweza panga kulala Kigoma kati ya tarehe 24 na tarehe 5 ya mwezi unaofuata. Siku nne kamili zinatosha familia bila kukimbizana. Ukitaka Gombe, fanya ziwe sita.

Hatua ya 2: Treni, na mtego wa Tabora

Ndege na mabasi yapo, lakini kwa watoto treni ya Reli ya Kati ni nusu ya likizo yenyewe. Chumba cha daraja la pili kulala kina vitanda sita, na wanaume hutenganishwa na wanawake isipokuwa familia ikichukua chumba kizima. Kwa hiyo hata mkiwa wanne au watano, fikirieni kulipia vitanda vyote sita. Bila hivyo baba atalala behewa moja na mama na watoto jingine.

Tabora ni njia panda: treni moja inakwenda Mwanza, nyingine Mpanda, nyingine Kigoma, na mabehewa hupangwa upya hapo. Anayeshuka kununua asali asitoke bila kukariri namba ya behewa lake, na mtoto asiachwe ashuke peke yake hata kama stesheni inaonekana kutulia. Ratiba hubadilika, kwa hiyo ithibitishe stesheni siku mbili kabla ya safari, ya kwenda na ya kurudi.

Njiani waeleze watoto kuhusu Liemba, meli kongwe ya ziwa hili. Reli hii ilifika Kigoma mwaka 1914, na meli hiyo iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ilipita juu yake ikiwa vipande vipande kutoka Dar es Salaam. Ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915, mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe, na mwaka 1924 ikaibuliwa. Mtoto aliyesikia habari hii ataingia stesheni ya Kigoma akiwa na macho mengine.

Hatua ya 3: Mahali pa kulala

Mji umepanda vilima, kwa hiyo umbali unaoonekana mfupi unaweza kuwa mlima kwa miguu ya mtoto. Kabla ya kulipa uliza mambo matatu tu: chandarua kwa kila kitanda, maji ya kuoga, na bajaji inafika mlangoni au la. Malaria ipo mwaka mzima. Chandarua chenye tundu ni sawa na kutokuwa nacho, kwa hiyo beba sindano na uzi.

Hatua ya 4: Kuogelea

Fukwe zinazofaa watoto ni zile za mchanga upande wa Katonga, kama kilomita tano kutoka mjini, maarufu kwa jina la Jakobsen. Maji ni maangavu mno, na uangavu huo ndio unaowadanganya wazazi. Ziwa limekaa ndani ya bonde la ufa, kina chake kikubwa kinafika mita 1,470, na mahali pengi ardhi huporomoka ghafla hatua chache tu kutoka ukingoni. Mtoto anaona mawe chini na kudhani ni karibu, kumbe hapafikiki.

Fanya hivi:

Kwanza mtu mzima aingie peke yake, atembee polepole hadi maji yamfike kifuani, akipapasa kwa mguu mahali ardhi inapoanguka. Arudi hatua tatu na asimame hapo. Yeye ndiye mpaka, na hakuna mtoto anayepita mgongoni pake. Wakiwa watoto zaidi ya watatu, wasimame watu wazima wawili. Anayesimama asiwe na simu mkononi.

Pili, chagua maji kwa sababu ya kichocho. Konokono wanaobeba vimelea hupenda maji yaliyotulia, yenye majani, karibu na makazi ya watu. Ufukwe wa mchanga mtupu au mawe unaopigwa na mawimbi una hatari ndogo zaidi, ingawa haiishi kabisa. Vimelea hutoka kwa wingi kuelekea saa sita mchana, sababu nyingine ya kuoga mapema. Midomo ya mito, kama Luiche kusini ya Ujiji, iacheni kabisa: kuna majani, na mamba hupenda sehemu kama hizo.

Tatu, beba miwani ya kuogelea kwa kila mtoto, hata ya bei ndogo. Penye mawe, kwenye maji ya magotini tu, utaona samaki wa rangi ambao wengi wao hawapatikani popote duniani isipokuwa ziwa hili. Mwambie mtoto alale juu ya maji, atulie kwa dakika mbili bila kupiga miguu. Samaki waliokimbilia nyufani watatoka mmoja mmoja. Baadhi yao hulea watoto mdomoni: mama akishtuka, vifaranga vinaingia kinywani mwake kama vumbi linalovutwa na upepo. Tukio hilo moja linalipa safari yote.

Hatua ya 5: Gombe, kama umri unaruhusu

Hifadhi hii ndogo, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe Julai 1960, iko kaskazini mwa mji na inafikika kwa maji tu. Jambo la kwanza kujua ni umri: walio chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kuwafuata sokwe msituni. Ukiwa na mtoto wa miaka 9, ama mzazi mmoja abaki naye ufukweni, ama safari hiyo isubiri miaka. Ushauri wetu ni isubiri.

Wenye watoto wakubwa wapitie kwanza ofisi ya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) mjini kwa malipo na mwongozaji, wakiwa na kitambulisho cha NIDA ili walipie kiwango cha raia. Boti za abiria zinaondoka Kibirizi kwenda vijijini kuanzia mchana, na za kurudi hupita Gombe asubuhi. Maana yake ni kwamba kwa boti hizo huwezi kwenda na kurudi siku moja, na ukilala usiku mmoja utarudi bila kuingia msituni. Ni usiku mbili, au kukodi boti mkaondoka saa 12 asubuhi.

Unapokodi, vaa boya kabla ya kuzungumza bei. Ndiyo, livae: funga vifungo vyote na umwombe mtu akuvute kwa mabega kwenda juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno. Kwa mtoto hili ndilo kosa la kawaida, anapewa la mtu mzima na majini linamponyoka. Boya la mtoto likikosekana, usipande.

Mwenye mafua au kikohozi abaki. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu ya njia ya hewa na hufa nayo. Huko chakula kifungiwe ndani muda wote, nyani wa ufukweni wanafungua mkoba haraka kuliko mtoto.

Hatua ya 6: Ujiji, alasiri

Panda daladala kutoka Mwanga, hapo hapo mjini Kigoma. Katika jumba la kumbukumbu la Livingstone, alipokutana na Stanley mwaka 1871, saa moja inatosha. Waonyeshe watoto miembe, kisha uwakumbushe ile waliyoiona Tabora: yote ilisimama kwenye njia moja ya misafara ya pembe na watumwa, iliyotoka hapa hadi Bagamoyo.

Hatua ya 7: Dagaa wa kwenda nao

Nunua asubuhi ya mwisho. Uliza kama walianikwa kwenye kichanja au mchangani, kisha jihakikishie mwenyewe: sugua gao moja kati ya viganja juu ya karatasi nyeupe. Punje zikibaki, ni wa mchangani, na mchanga huo hautoki wote kwa kuosha. Vunja mmoja: mkavu hulia, asiyekauka hujipinda. Rangi iwe ya fedha, kwani aliyegeuka njano amekaa sana na mafuta yake yameanza kuchacha.

Usiwafungie kwenye ndoo wakiwa na joto la jua, watatoa jasho na kuota ukungu kabla ya kufika Dodoma. Waache kivulini saa moja, wapange kwenye mfuko wa karatasi, halafu kikapuni. Ukinunua na mawese, yakae chombo kingine, juu yake kizibo kilichofungwa kwa nailoni.

Wiki 6 hadi 8 baada ya kurudi, peleka kila aliyeogelea kupima kichocho, mkojo na choo, hata kama hana dalili. Ukipima mapema kuliko hapo, mayai yanaweza kuwa hayajaanza kuonekana.