SOMO: Mkopo wa nyumba umekushinda Kenya? Zijue notisi kabla ya dalali

Kila mara mtu ananijia inboksi: "Dalali kabandika tangazo getini, nifanyeje?" Kufikia getini umeshachelewa mno. Naandika mara moja tu. Ni Sheria ya Ardhi ya 2012, na ni ya Kenya. Walio kwingine waulize kwao.

1. Ukikosa rejesho, ifuate benki kabla haijakufuata.

2. Mkikubaliana lolote, liandikwe. Ahadi ya mdomo ya afisa mikopo haizuii mnada.

3. Notisi ya kwanza (kifungu cha 90). Hapa ndipo wengi wanapopotelea. Ukikaa na deni mwezi mzima, benki inaweza kukuandikia. Barua lazima itaje kiasi cha kulipa ili mambo yanyooke, na ikupe angalau miezi 3. Kichunguze kiasi hicho: ni marejesho yaliyochelewa tu, au wamedai mkopo wote? Chukua taarifa ya mkopo, pitia mstari kwa mstari, uone faini zilizoongezwa. Bahasha usiitupe, muhuri wa posta una tarehe.

Halafu anwani, jamani! Barua huenda kwenye sanduku la posta ulilojaza siku ya kukopa. Kama lilikuwa la mwajiri uliyemwacha, notisi italala huko huku benki ikishika risiti ya rejesta. Badilisha kwa maandishi, hata kama hudaiwi senti.

ONYO: Kudondosha vijisenti bila makubaliano hakusimamishi siku kuhesabiwa.

4. Notisi ya kuuza (kifungu cha 96): siku 40. Mwenzi wako wa ndoa naye hupewa nakala.

5. Dalali: siku 45 za kukomboa, kisha gazetini. Mnada haufanyiki kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza.

6. Nyundo ikigonga, huna tena haki ya kukomboa.

MASWALI

Swali: Kwani notisi ni ya siku ngapi?
Jibu: Hatua ya 3, 4 na 5. Soma.

Swali: Nikibadilisha kufuli dalali asiingie?
Jibu: Mnada haufanyiki sebuleni kwako. Utauziwa ukiwa umejifungia ndani.

Swali: Mume wangu aliweka rehani nyumba tunayoishi, mimi sikusaini popote. Nina la kusema?
Jibu: Unalo, dada, tena kubwa. Kifungu cha 79 kinataka rehani ya nyumba ya ndoa iwe na saini au idhini ya mwenzi. Fanya upekuzi ofisi ya ardhi, omba nakala ya hati ya rehani, uone kama kuna saini inayodaiwa ni yako. Kisha wakili, siku 40 zisiishe.

Swali: Wakiiuza bei ya kutupa?
Jibu: Kifungu cha 97 kinawalazimu kufanya uthamini kwanza na kutafuta bei nzuri kadiri inavyowezekana. Bora zaidi, waombe idhini uuze mwenyewe. Mnunuzi wa kawaida hulipa kuliko wa mnada.

Swali: Riba imeshapita mkopo wenyewe, ni halali hiyo?
Jibu: Swali zuri. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki: mkopo ukishahesabiwa mbovu, riba kuanzia hapo haiwezi kuzidi salio la siku hiyo. Gharama za kufuatilia deni ni kando. Hesabu kwa kalamu.

Swali: Wakiuza pesa ibaki?
Jibu: Yako, idai. Ikipungua, bado unadaiwa.