Kabla ya Kukubali Sindano za Kiuno

Sisi tunaotunza wazee huku Minnesota, Marekani, kiuno tunakijua. Unamgeuza mzee kitandani, unamhamishia kwenye kiti cha magurudumu, na zamu ikiisha huwezi kuinama ukavua viatu. Mimi ni mtu wa Mombasa, kazi hii ndiyo inayolisha nyumba yangu, na kiuno kilipokataa kutulia daktari alinitajia sindano za ligamenti. Nilizichunguza sana kabla ya kusema ndiyo. Mwenzangu ukitajiwa sindano hizi, fuata hatua nilizozifuata.

Anza na mahali panapouma. Ligamenti ni nyuzi ngumu zinazofunga mfupa na mfupa. Zinazosumbua sana kiunoni ni zile zinazoshika mfupa wa nyonga na ule mfupa wa pembetatu ulio chini ya uti wa mgongo. Mwenye maumivu ya hapo, mwambie aonyeshe: mara nyingi ataweka kidole kimoja karibu na kile kishimo kilicho juu ya kalio. Mimi kila nilipoulizwa kidole kilikwenda palepale, upande wa kulia. Picha ya MRI usiitegemee peke yake, kwa sababu watu wengi wasioumwa kabisa huonekana na diski zilizotokeza, yaani ile mito laini iliyo kati ya pingili za mgongo. Daktari anayeijua kazi hii atakulaza, akukunje paja, abonyeze nyonga, ausukume mguu huku na huku, akitafuta mkao unaoamsha maumivu yaleyale uliyoyazoea. Kipimo kimoja hakitoshi, vitatu vikikubaliana ndipo mtu anaanza kuamini. Njia nyingine ni kutia dawa ya ganzi kwenye kiungo chenyewe, pale mifupa ile miwili inapokutana, huku wakitazama kwa eksirei: maumivu yakipoa kwa muda, inaelekea ndipo yanapotoka.

Kuna maumivu ya kiuno ambayo si ya kuzungumzia sindano kamwe. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukifa ganzi kati ya mapaja, mguu ukilegea, nenda chumba cha dharura siku hiyohiyo. Homa, jasho la usiku, kukonda bila sababu, au ukiwa umewahi kuugua saratani, mwambie daktari kabla ya jambo jingine lolote. Na sisi tuliotoka Afrika Mashariki tusione haya kutaja kifua kikuu, maana hushika uti wa mgongo pia, na daktari wa huku huenda asikifikirie haraka.

Sasa muulize kilichomo ndani ya sindano. Mimi niliuliza, "Daktari, unaniingizia nini hasa?" Swali hili ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu neno "sindano" linaficha vitu tofauti kabisa. Steroidi hutuliza uvimbe, nafuu yake mara nyingi ni ya muda, na mwenye kisukari itampandishia sukari. Wengine hukutoa damu, wakaizungusha kwenye mashine, wakakurudishia sehemu yake yenye chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Ya kwangu ilikuwa proloterapia: maji ya glukosi kali yaliyochanganywa na dawa ya ganzi, yanayodungwa pale ligamenti inapoungana na mfupa. Jina hilo alilitumia daktari mpasuaji Mmarekani, George Hackett, miaka ya 1950. Nadharia yake ni kwamba glukosi huchokoza mahali pale, mwili uamke kutengeneza nyuzi zilizolegea.

Nadharia ni tamu, lakini ushahidi ndio uliofanya nisikimbilie. Huko Australia, utafiti uliotolewa mwaka 2004 uliwagawa watu 110 wenye maumivu sugu ya kiuno: wengine wakadungwa glukosi, wengine maji ya chumvi tu. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikuonekana. Hata mazoezi waliyopewa baadhi yao hayakuongeza kitu katika utafiti ule. Kwa upande mwingine, utafiti mdogo wa Korea Kusini wa mwaka 2010, uliodunga kiungo chenyewe kati ya nyonga na ule mfupa wa pembetatu kwa watu waliothibitishwa kwa dawa ya ganzi, uliona nafuu ya glukosi ikidumu kuliko ya steroidi. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo sababu ya kung'ang'ania uchunguzi kwanza. Atakayekuambia sindano hizi zinaponya kila mgongo, mshukuru uondoke.

Fedha usizione aibu. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, hailipii proloterapia, na bima nyingi za binafsi hukataa vilevile. Si sindano moja tu: hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa, na kila safari hudungwa sehemu nyingi. Omba bei ya jumla kwa maandishi kabla ya miadi ya kwanza. Mtajie pia dawa za kuzuia damu kuganda kama unazitumia, na ujauzito kama upo.

Siku ya sindano usiendeshe gari mwenyewe. Mimi nililazwa kifudifudi, ganzi ya ngozi ikauma kuliko sindano zenyewe, ila kila ncha ilipogusa mfupa nilisikia mgandamizo mzito unaoteremka kalioni. Kisha siku chache kiuno kinavimba na kukakamaa. Hapo wengi tunakimbilia ibuprofen, na madaktari wa tiba hii huikataza kwa kuwa inazima uchokozi uleule uliotafutwa. Uliza kama paracetamol inakufaa. Homa, kichwa kikali kisichokuachia kukaa wima, au ganzi ya mguu isiyoondoka, piga simu mara moja.

Mimi nilipata nafuu. Kwa kuwa nilikuwa pia nafanya mazoezi ya mtaalamu wa viungo, siwezi kuisifu sindano peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, linataja mazoezi na elimu miongoni mwa tiba linazozipendekeza, kwa hiyo anza huko, uyape muda wa kutosha, ndipo ufikirie glukosi.

Ukiamua kuendelea, kubaliana na daktari kipimo mapema. Changu kilikuwa kumaliza zamu bila kushika ukuta. Baada ya awamu chache, kipimo kisiposogea, acheni. Na kazini dai mashine ya kunyanyulia wagonjwa na mtu wa pili, hata kama msimamizi atanuna.